Matoleo Thelathini na Moja ya Dereva Mandevu

Jumatano, saa 10:00 jioni

Chumba cha nyuma cha kafe ya intaneti ya Naila kilikuwa na mlango mmoja, dirisha la nondo, na harufu ya nyaya zilizopata moto. Nje, foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde ilikuwa imeziba barabara tangu asubuhi. Ndani, watu wanne walikuwa wameizunguka kompyuta moja.

"Someni wenyewe," Naila alisema.

Kwenye kioo kulikuwa na picha ya jalada. Dereva wa lori, ndevu hadi kifuani, ananing'inia nje ya mlango wa gari huku breki zimekatika. Dereva Mandevu, toleo la kwanza, Juni 1986. Chini ya picha tarakimu zilikuwa zinarudi nyuma. Saa ishirini kamili. Saa kumi na tisa, dakika hamsini na tisa.

Dereva Mandevu lilikuwa jarida la katuni lililochapwa Mbeya miaka ile maduka yalipoanza tena kuwa na vitu. Yalitoka matoleo thelathini na moja, kisha mchapaji akafilisika na karatasi zake zikaishia kufungia ugoro na maandazi. Mapema mwaka huo wa 2014, Naila alikuta toleo moja, tena limechanika, likigombewa kwenye mnada wa mtandaoni ng'ambo mpaka likafika bei ya ng'ombe wawili. Akaanza kuulizia wateja wake. Enoka, aliyekuwa akivusha mizigo kwa baiskeli pale mpakani, alijibu bila kufikiri: "Nyumbani yapo yote."

Hilo neno ndilo lililowakutanisha.

Picha alipiga Enoka mwenyewe siku ya Pasaka, kwa simu, mama yake akiwa kanisani. Naila akaziweka mnadani kwa akaunti ya shemeji yake wa upande wa pili wa mpaka. Mali waliyokuwa wanaiuza hawakuwa nayo bado. Bei ilikuwa imepanda mpaka ya gari aina ya Noah lililotumika.

"Anayeongoza ni huyu wa Ubelgiji," Naila alisema. "Ila ana sharti. Anataka picha mpya. Yote thelathini na moja yamepangwa mezani, na kikaratasi chenye tarehe ya kesho pembeni. Kabla mnada haujafungwa saa sita mchana. Asipoiona anajitoa, na anayemfuata hafiki hata nusu."

"Kwani picha za kwanza haziamini?" aliuliza Osward, dereva wao, mtu wa Mlowo.

"Anasema siku hizi watu wanauza picha wakati mzigo hawana."

"Ana akili huyo mzungu. Katuona."

Osward alicheka peke yake. Abdulwahab hakucheka. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye malori mawili na kauli moja, na mchongo ulikuwa wake tangu alipousikia.

"Nyumba," alimwambia Enoka.

Enoka alichora nyuma ya karatasi ya ushuru. Barabara ya Isansa. Njia ya kuingia shambani. Mistari ya kahawa mpaka ukuta wa jiko. Mlango wa uani, ambao komeo lake linafunguka ukiingiza kijiti. Mbwa anamfahamu. Chumba cha mama yake, Ketrina. Sanduku la bati chini ya kitanda.

"Kila Alhamisi akina mama wa kanisa wanapalilia shamba la usharika. Anatoka saa tatu, anarudi saa sita."

"Asipokwenda?"

"Hajawahi kukosa."

"Sijakuuliza hivyo. Nimesema asipokwenda?"

"Atakwenda, kaka."

Abdulwahab alimtazama Naila. Naila alitazama kibodi. Enoka aliona na hakuuliza.

Walipobaki wawili, Naila ndiye aliyeuliza. "Si umwombe tu akupe? Mama yako huyo."

"Hawezi. Yalikuwa ya marehemu kaka yangu."

Akamweleza. Lusungu alimtangulia kuzaliwa kwa miaka kumi na mitatu. Alikuwa anauza magazeti stendi ya Mlowo, akanunua kila toleo lilipotoka. Mama hakusoma shule hata siku moja. Lusungu alikuwa anamsomea jioni wakichambua kahawa. Mwaka 2001 gari lilimgonga Lusungu barabara kuu, akafa. Tangu hapo kila jioni mama hutoa toleo moja, hufunua ukurasa mmoja mmoja, na kuyasema maneno yote kwa sauti ya Lusungu. Hakosei.

"Mimi nimekaa pale pale," Enoka alisema. "Nikimpelekea sukari anashukuru bila kuinua macho. Miaka kumi na mitatu, Naila. Sanduku lisipokuwepo, labda ataniona."

Naila alizima kioo. Tarakimu zikaendelea kurudi nyuma gizani.

Alhamisi, saa 3:05 asubuhi

Noah waliyopanda, Osward akiwa kwenye usukani, ilisimama kwenye mikaratusi, mita mia tatu kutoka nyumbani. Abdulwahab alinyoosha kiganja. Hiyo ilikuwa kanuni yake: kwenye kazi laini zote za simu zinakaa kwake, asije mtu akapiga au akapigiwa. Enoka alitoa laini yake akampa. Kisha akaingia kwenye kahawa, akachuchumaa, akasubiri.

Kulikuwa na ukungu na baridi ya Julai. Aliwaona akina mama wanne wakipita na majembe. Priska, jirani yao, alisimama mlangoni akaita. Sauti ya mama yake ilijibu kutoka ndani.

"Tangulieni tu. Goti limenishika tangu jana."

Enoka alihisi baridi ya umande ikipenya suruali. Akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwenye gari.

"Hajaenda," alisema.

"Rudi mahali pako," Abdulwahab alisema. "Atatoka."

"Goti linamuuma. Hatatoka."

"Nimesema rudi. Akitoka, unaingia. Usiniulize anatokaje."

Enoka alirudi.

Saa 3:40

Mlango wa mbele uligonga ukuta. Mama yake alitoka akikimbia. Hakuwa na viatu. Khanga moja ilikuwa begani na nyingine alikuwa anaikokota, na ile miguu iliyoshindwa kwenda kupalilia ilikuwa inaruka mtaro. Hakufunga mlango. Hakugeuka. Kwa jinsi alivyokuwa anakwenda, ungedhani nyumba inaungua.

Enoka alisimama wima katikati ya mibuni. Alitaka kuita. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Kuna mtu kazidiwa kule chini, alijiambia. Mtoto wa Priska labda. Ndiyo, ana degedege yule.

Akaingia.

Mbwa alimlamba mkono. Uji ulikuwa unafurika jikoni na alisimama kuuepua, bila kujua kwa nini. Chumbani alipiga magoti, akavuta sanduku. Akafungua kuhakikisha. Yalikuwa yamepangwa kwa namba, majani makavu ya tumbaku katikati ya kila toleo ili wadudu wasiguse. Thelathini na moja. Aliyahesabu mara mbili kama Naila alivyomwagiza, akayafunika, akatoka kwa mlango wa uani.

Dakika tisa. Hakuna aliyemwona.

Saa 4:10

Noah ilikuwa inaruka mashimo kuelekea Mlowo. Enoka alikaa kiti cha nyuma, sanduku mapajani. Abdulwahab alikaa pembeni yake, simu sikioni, kisha akaiweka sauti ya nje.

"Tumeshachukua. Andaa kikaratasi."

"Zimebaki saa mbili kasoro dakika kumi," sauti ya Naila ilisema. "Enoka yupo?"

"Nipo."

"Samahani, ndugu yangu. Ilibidi nimpigie mama yako, kwa namba iliyokuwa kwenye laini yako. Lakini sikumtisha, haki ya Mungu. Wahabu alitaka niseme umeumia vibaya. Nikaona hapana, ni mama wa mtu. Nikamwambia umepata ajali kidogo tu pale Vwawa, ni mguu, aje hospitali."

Gari liliruka shimo. Enoka aliona mdomo wa Abdulwahab ukisema kitu, na hakusikia.

"Ulisemaje, Naila?"

"Ajali kidogo. Mguu tu."

"Ulimwambia 'mguu tu'?"

"Nilitaka kupunguza makali."

Osward alikuwa ameacha kupiga mluzi. Alimtazama Enoka kwenye kioo cha ndani.

"Naila," Enoka alisema, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Kwetu hakuna anayemwambia mzazi kwa simu kwamba mwanawe amekufa. Haiwezekani, ni mwiko. Wanasema anaumwa kidogo. Wanasema mguu. Lusungu alipokufa walimwambia mama ni mguu tu, aje na shuka. Alipofika walimwonyesha mochwari."

"Mimi ni mtu wa Tanga," Naila alisema. "Sikujua."

"Kungekuwa na mguu uliovunjika kweli, mngesema amevunjika vibaya sana. Hapo angejua ni mzima."

"Basi," Abdulwahab alisema, akakata simu. "Limeshapita."

"Nipe laini yangu."

"Tukimaliza."

"Nimpigie neno moja tu, kaka. Asikie sauti."

"Uko wapi sasa hivi? Hospitali? Umeumia? Utamwambia nini? Na akirudi ndani akakuta hakuna sanduku, ataanza kuunganisha. Kaa kimya. Jioni nenda nyumbani mzima, na soda mkononi. Kijiji kizima hakutakuwa na mama mwenye furaha kama yeye. Sasa ubaya uko wapi?"

Alisema hivyo bila hasira. Alikuwa amepima, na kwa vipimo vyake hesabu ilikuwa sawa.

"Wahabu," Osward alisema bila kugeuka. "Hata kwetu Mlowo ni hivyo hivyo. Yule mama sasa hivi yuko chini anajigaragaza."

"Wewe shika usukani."

Saa 4:45

Mlowo ilikuwa imejaa. Msimu wa mahindi ulikuwa umepamba moto, na fuso zilikuwa zimepaki ubavu kwa ubavu zikipakia magunia. Noah ilijipenyeza, ikakwama nyuma ya semi. Barabara ya kwenda Tunduma ilionekana pale mbele.

Enoka alitazama kitasa. Abdulwahab alimwona akitazama. Akatoa kisu kifupi, kile cha kukatia kamba za maturubai, akakilaza pajani.

"Usinizingue, dogo. Bado saa moja na robo."

"Baki na laini. Nishushe tu."

"Shuka. Sanduku linabaki."

Hapo ndipo Enoka angeweza kushuka mikono mitupu. Baadaye alilifikiria hilo mara nyingi. Lakini kichwani alikuwa na picha moja tu: mama yake amerudishwa nyumbani, ameingizwa chumbani, ameinama chini ya kitanda kutafuta kitu pekee kilichowahi kumtuliza, na hakipo. Mwana aliyebaki na sanduku la aliyekufa, vyote kwa siku moja. Alilikumbatia kwa mikono miwili.

"Osward," alisema.

Semi ilisogea, Noah ikasogea, na Osward akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Abdulwahab alikwenda mbele, paji la uso likagonga kiti. Kufuli za milango zikalia: tak. Osward alikuwa amezifungua.

Enoka alisukuma mlango. Kisu kilimpata kwenye mkono alipokuwa ananyanyuka, kutoka kiwiko kushuka chini. Hakusikia maumivu, alisikia joto. Akaanguka na sanduku kwenye vumbi na pumba, akanyanyuka, akakimbia.

"Umeuza mechi, mbwa wewe!" Abdulwahab alikuwa anampigia Osward kelele. Kisha akachungulia nje, na kwa sauti ile ile akapaza neno ambalo sokoni halihitaji ushahidi.

"Mwizi! Mwizi wa sanduku! Mkamateni!"

Vichwa viligeuka. Mpakiaji mmoja alitupa gunia chini, akaokota jiwe. Mwingine alikuwa na chuma cha mizani. Enoka alikuwa na hatua kama kumi za kuishi, naye alijua, maana aliwahi kuona pale pale kilichobaki cha mtu baada ya tairi na petroli.

"Nina msiba!" alipiga kelele. "Jamani nina msiba Isansa! Nipisheni!"

Mwenye jiwe alisita. Aliona damu, aliona uso. Mtu anayekimbilia msiba hazuiwi, hata kama ana deni, hata kama ana kesi. Jiwe likashuka. Watu wakaachia njia, na mama mmoja muuza nyanya akasema, "Pole, baba. Pole sana." Nyuma, Abdulwahab alibaki anaita mwizi, na hakuna aliyemsikiliza.

Saa 5:05

Bodaboda ilikuwa ya kijana mwenye koti la mvua. Alimfunga Enoka mkono kwa kitambaa chake cha kufutia tangi, wakaondoka.

"Unakwenda ule msiba wa kijana wa Mama Lusungu?" aliuliza, akipaza sauti juu ya injini. "Nimepakia watu wawili wa huko asubuhi hii. Wanasema gari limempiga Vwawa, kama kaka yake vile vile. Ndio huo?"

"Ndio huo."

"Mama hakufika hata Vwawa. Kaanguka barabarani akisubiri usafiri, wamemrudisha kwa toroli. Wanaume wameenda kutafuta mwili, hawauoni. Wanasema labda umepelekwa Mbeya." Alikwepa shimo. "Ulimfahamu marehemu?"

"Kidogo."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Enoka alifikiri. Barabara ilipanda, ikashuka.

"Niazime simu," alisema. "Niwape pole."

Namba ya mama yake aliijua kwa kichwa. Iliita mara tatu. Alipokea Fanueli, mjomba wake, mzee wa kanisa.

"Nani mwenzangu?"

"Mjomba. Ni mimi, Enoka. Mwambie mama mimi ni mzima."

Alisikia pumzi. Nyuma ya pumzi, vilio vya wanawake, wengi.

"Mshenzi mkubwa wewe," Fanueli alisema. "Namba ngeni ya kwanza imemwangusha dada yangu. Sasa na wewe umekuja kumchezea? Mungu anakuona."

Simu ikakatwa. Alipiga tena. Ilikuwa imezimwa.

Kijana wa bodaboda alikuwa ameyasikia yote. Alikaza mwendo mpaka Isansa.

Saa 5:50

Turubai la usharika lilikuwa limeshafungwa uani. Benchi za shule zilikuwa zimepangwa. Kwenye mafiga matatu kulikuwa na sufuria kubwa, na moto umekolea. Akina mama waliokuwa shambani walikuwa wamekuja na majembe yao, wameyaegemeza kwenye ukuta.

Enoka alisimama nje ya uzio wa michongoma, sanduku chini ya mkono mzima. Alimsikia kabla ya kumwona.

"Enoka wangu wee! Enoka uliyenibakia! Nani ataniletea sukari, Enoka? Nilikuwa sikutazami, nilikuwa naogopa! Kila nikikutazama nilikuwa naona barabara! Enoka wangu wee!"

Na wanawake walikuwa wanaitikia: pole Mama Enoka, pole Mama Enoka. Miaka yote kijiji kilimwita kwa jina la mzaliwa wa kwanza. Jina hilo jingine Enoka hakuwahi kulisikia.

Alisimama pale muda ambao hakuweza kuupima. Kisha akaingia.

Priska alimwona wa kwanza. Alidondosha mwiko, akapiga yowe. Watoto walikimbia. Mzee mmoja alivua kofia. Fanueli alitoka ndani, akashika nguzo ya turubai, akasema, "Yesu." Halafu yowe likageuka vigelegele, kimoja, viwili, uwanja mzima, na watu wakamsukuma Enoka mbele mpaka mlangoni, mpaka ukumbini, mpaka mkekani.

Ketrina alikuwa amekaa ameegemea ukuta, miguu imenyooshwa, nywele wazi. Alitazama juu. Alimtazama machoni. Hakupepesa.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

Alinyanyuka bila kushikwa. Akamgusa shavu, sikio, shingo, kama mtu anayepapasa gunia kujua kama limejaa. Akaona damu kwenye kitambaa. "Umeumia kweli," alisema. "Lakini uko hai. Mwanangu yuko hai. Priska, leteni maji ya moto. Leteni chumvi." Alikuwa anacheka na kulia, na macho yake hayakuondoka usoni mwa Enoka hata mara moja. Kisha akamshika mkono ule mwingine ili amketishe, na kiganja chake kikagusa bati.

Akatazama chini.

Vigelegele nje vilikuwa bado vinaendelea. Ndani vilikatika.

"Hili," Ketrina alisema, "lilikuwa chini ya kitanda changu."

"Ndiyo, Mama."

"Asubuhi napika uji lilikuwepo."

"Limerudi, Mama. Yote yamo. Thelathini na moja, halijapotea hata moja."

"Nilipotoka nakimbilia hospitali, nani alikuwa humu?"

Fanueli alikuwa amesogea. Priska alikuwa amesimama na beseni la maji ya moto, mvuke unampanda usoni.

"Na ile simu?"

"Mama, sikujua watasema vile. Naapa sikujua. Ningejua wasingesema."

Alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka. Aliona pia yalipofika. Mama yake hakupiga kelele. Aliachia mkono wake polepole, kidole kimoja kimoja. Fanueli akaushika yeye, kwa nguvu, na mgambo wa kijiji akaushika ule wenye jeraha. Enoka hakujivuta. Sanduku lilitua sakafuni na hakuna aliyeinama kuliokota.

Priska aliweka beseni chini. "Basi jamani," alisema kwa sauti ndogo, kwa sababu lazima mtu aseme kitu. "Tuzime moto. Msiba hakuna tena."

"Acheni uwake," Ketrina alisema.

Akarudi mkekani. Akaegemea ukuta, akanyoosha miguu, akaikaza khanga kiunoni kama inavyokazwa na wafiwa. Wanawake walitazamana, kisha mmoja baada ya mwingine wakakaa, kwa kuwa yeye amekaa. Mwanawe alikuwa amesimama hatua tatu mbele yake, ameshikwa mikono yote miwili. Ketrina alifumba macho, na kwa jina lile lile, kwa sauti ile ile, akaanza kumlilia Enoka.